Je, kila kipigo cha mtani ni faida kwetu?

Mashabiki wengi wa futiboli ya Kimarekani (si soka) ya vyuo vikuu wana imani ya siku nyingi: mtani wa jadi akifungwa, sisi tumefaidika. Jumamosi shabiki huwasha runinga aione timu yake, huku simu mkononi ikimletea matokeo ya mtani. Raha yake inaeleweka. Hesabu ndiyo ina kona.

Kwa kawaida timu hucheza mechi 12 tu kabla ya mchujo wa kuwania ubingwa wa taifa, na vyuo vya daraja la juu vinazidi 130, kwa hiyo wengi hawakutani kabisa. Ndiyo maana kamati inayochagua timu za mchujo (zilikuwa 4, zikawa 12 msimu wa 2024) haihesabu ushindi peke yake; huangalia pia umemshinda nani. Kumfunga mtani aliyeshinda mechi 10 kuna uzito. Kumfunga mtani huyo huyo akiwa ameshinda 3, ni furaha ya mtaani tu.

Mkiwa ligi moja na mnagombea nafasi ile ile, hapo kipigo chake kweli kinawasaidia.

Unaweza kupima mwenyewe. Andika wapinzani wako wote 12, ushindi na vipigo vya kila mmoja, ukiondoa mechi aliyocheza nanyi, kisha jumlisha. Utapata mechi 132 hivi. Kipigo kimoja cha mtani hakitikisi jumla hiyo. Akiporomoka msimu mzima, utaliona pengo.