Misheni ya muda mfupi nje ya nchi: yanayoaminika na yaliyo kweli

Vikundi vya makanisa vinavyovuka mipaka kwa siku kumi au wiki mbili ili kuhubiri, kujenga na kutibu si vya jana. Shirika la umisheni la Operation Mobilisation lilichipuka mwaka 1957, George Verwer na wanafunzi wenzake wawili walipotumia likizo kupeleka Injili Mexico. Jingine, Youth With A Mission, likafuata mwaka 1960. Leo Wakorea, Wabrazili na Wanigeria nao husafiri vivyo hivyo, na kwa Wamarekani pekee mwanasosholojia Robert Wuthnow aliwahi kukadiria watu milioni 1.6 kwa mwaka. Katika muda wote huo kuna maneno yaliyozoeleka mpaka yakaonekana sehemu ya imani yenyewe. Mengi yana mzizi mmoja: safari hupimwa kwa aliyesafiri, si kwa mwenyeji anayebaki.

"Tunafuata nyayo za Paulo"

Si sana. Korintho Paulo alikaa mwaka mmoja na miezi sita (Matendo 18:11), akishona mahema pamoja na Akila na Prisila. Efeso anataja mwenyewe miaka mitatu (20:31). Kigiriki walichosema watu wa miji hiyo alikijua, hakuhitaji mkalimani.

Mji unaokaribia misheni za siku hizi ni Thesalonike, ambako tunasoma habari za sabato tatu tu za kuhojiana katika sinagogi. Lakini huko aliondoka usiku kwa sababu ya ghasia, na barua yake ya kwanza kwa kanisa hilo ni ya mtu aliyekatiwa kazi njiani: alitaka kurudi akazuiwa, na aliposhindwa kuvumilia akamtuma Timotheo akawaimarishe. Kilichokuwa dharura kwake, sisi tumekifanya ratiba.

"Bila sisi hakitajengwa"

Baada ya kimbunga Mitch kuipiga Honduras mwaka 1998, vikundi vingi vya makanisa ya Amerika Kaskazini vilikwenda kujenga nyumba. Mtafiti Kurt Ver Beek, aliyekuwa akiishi huko huko, alizilinganisha na nyumba zilizojengwa na mashirika ya Kikristo ya Wahondurasi wenyewe. Katika maisha ya familia hakuona tofauti ya maana. Tofauti ilikuwa kwenye hesabu: ukijumlisha nauli na matumizi ya kikundi, nyumba moja ya wageni ilifika kama dola 30,000, ilhali ya mafundi wa pale pale ilikuwa kama 2,000. Na ile hoja kwamba hata hivyo safari humbadilisha anayekwenda? Aliwafuatilia na hao pia. Kwenye utoaji wa sadaka, mabadiliko yaliyodumu yalikuwa madogo.

"Dawa za siku nne ni afadhali kuliko kukosa kabisa"

Inategemea dawa. Kidonge cha minyoo cha dozi moja hufanya kazi yake kikaisha. Sasa mchukue mama mwenye shinikizo la damu. Amepanga foleni chini ya turubai tangu alfajiri, amepimwa, presha imesoma juu, amepewa bahasha yenye vidonge 30 na maelezo kupitia mkalimani mwenye haraka. Kadi hana. Daftari lenye vipimo vyake limeondoka na kikundi, na dawa yenyewe pengine haipatikani kwenye zahanati yake. Siku ya 31 hana kitu, na zipo dawa za presha ambazo zikikatishwa ghafla huipandisha hata kupita ilivyokuwa mwanzo. Atakayegongewa mlango ni muuguzi wa zahanati ileile, ambaye hakuna aliyemshirikisha.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu dawa za msaada unataka ziwe zimebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda wake zinapofika, na maandishi yake yawe katika lugha inayoeleweka na wahudumu wa huko. Mifuko ya sampuli zilizobaki makabatini haimo. Na mwanafunzi asiyeruhusiwa kushona kidonda kwao hapati leseni kwa kuvuka mpaka. Katika nchi nyingi hata daktari bingwa hutakiwa kupata usajili wa muda kabla hajamgusa mgonjwa.

"Yatima wanahitaji upendo wetu"

Hapa ndipo nia njema imeleta madhara makubwa kuliko popote. Duniani kote, watoto wengi walioko kwenye vituo vya yatima wana mzazi angalau mmoja aliye hai. Wanafikishwa huko na umaskini, ulemavu usio na huduma, au ahadi ya shule. Kituo kinachotembelewa na wageni wenye michango kinahitaji watoto ili wageni waendelee kuja, na kuna mahali ambapo watoto hutafutwa vijijini kwa ajili hiyo hiyo. Mtoto anayekumbatiwa na mgeni mpya kila baada ya wiki mbili, kisha akaachwa, hujifunza kumkimbilia yeyote anayepita. Wageni husema ana upendo wa ajabu. Wataalamu wa malezi huona hapo dalili ya mtoto aliyekosa mtu wake wa kudumu.

Mwisho wa Januari 2010, wiki chache baada ya tetemeko la Haiti, Wabaptisti kumi kutoka Marekani walikamatwa mpakani wakijaribu kuwavusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila vibali. Ikabainika kwamba wengi wa watoto hao walikuwa na wazazi hai. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lililotaka nchi zichukue hatua dhidi ya madhara ya kujitolea kwenye vituo vya yatima, utalii ukiwamo. (Na zile picha za kubeba watoto wa watu usiojua hata majina yao, jamani, tuziache.)

"Ni wiki mbili tu, viza ya utalii inatosha"

Nchi nyingi huhesabu kujitolea kuwa ni kazi, hata kama hulipwi. Kuhubiri kuna sheria zake pia: Nepal, kwa mfano, kumbadilisha mtu dini ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka mitano, na mgeni hufukuzwa nchini baada ya kifungo. Wala usiseme hatari ni yako peke yako. Julai 2007 Wakorea 23 wa kanisa moja walitekwa na Taliban huko Afghanistan. Wawili waliuawa, na ili waliobaki waachiwe serikali yao ilibidi ikubali kuwazuia raia wake kwenda kufanya umisheni huko.

"Mamia waliokoka"

Walioinua mikono walihesabiwa, hilo halina ubishi. Lakini katika mkutano wa hadhara wapo walioinua kwa heshima ya mgeni, na wapo walioinua mwaka jana kikundi kingine kilipopita. Mchungaji wa pale anawajua kwa majina. Yeye ndiye wa kuulizwa, miezi sita baadaye, wangapi anawaona kanisani.

"Basi zote ni utalii tu"

Nayo si kweli. Mercy Ships, shirika la Kikristo la meli-hospitali lililoanzishwa mwaka 1978, hutumia wauguzi na madaktari wa upasuaji wa kujitolea, wengine kwa wiki chache tu, wakijilipia gharama zao. Tofauti ni kwamba meli-hospitali yenyewe hutia nanga kwa mwaliko wa serikali na hukaa bandarini miezi mingi. Daktari akiondoka, faili la mgonjwa linabaki wodini na mwingine analishika. Wenyeji nao hufundishwa kazi wakati huo huo.

Kwa hiyo kabla ya kulipa nauli, omba namba ya mwenyeji uongee naye bila kiongozi wa msafara kuwepo. Muulize ni nani aliyeomba kikundi kije, na kwamba kama angepewa fedha hizo mkononi angezifanyia nini. Akisita kwenye swali la pili, subiri. Usimjazie jibu.