Mbunge kudaiwa mahakamani na mbunge kuchunguzwa na Maadili: tofauti iko wapi?

Tuseme muuza mbao wa Mafinga amempelekea mbunge mzigo wa shilingi milioni 18. Hati ya kupokelea imesainiwa, malipo hayajaja, na simu sasa inaita tu. Jamaa zake wanamwambia panda basi nenda Mbeya, kamripoti Maadili, yaani Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Atasikilizwa, sawa, ila hela yake haitatoka huko.

Hela inadaiwa mahakamani. Kesi ya madai ni ya mtu na mtu: mdai anasema namdai au kanikosea, mdaiwa anajibu, hakimu anapima ushahidi wa nani una uzito zaidi. Ubunge hausimamishi chochote. Dai la fedha za mkataba lisilozidi milioni 30 linaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo, hata kama mdaiwa ni mheshimiwa. Mdai akishinda na bado halipwi, anaomba kukazia hukumu, na mali ya mdaiwa inaweza kukamatwa. Hapo hakuna aliyetiwa hatiani, na deni la mbao peke yake halimvui mtu ubunge. Wale wanaotuma kwenye magrupu kwamba "mheshimiwa kakutwa na hatia" wanachanganya madai na jinai.

Kinga ipo, lakini ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Ibara ya 100 ya Katiba inamlinda mbunge kwa aliyoyasema au kuyafanya bungeni, asishtakiwe wala kudaiwa kwa hayo. Akikuchafua ukumbini Dodoma, huna kesi. Akiyarudia kwenye mkutano wa hadhara Ruanda Nzovwe, kinga kaiacha Dodoma. Mbeya wanalijua hili: Februari 2018 Joseph Mbilinyi, Sugu, akiwa mbunge wa Mbeya Mjini, alihukumiwa kifungo cha miezi 5 kwa maneno ya jukwaani. Ile ilikuwa jinai. Mahakama Kuu baadaye iliifuta hukumu, na ubunge wake haukuguswa.

Maadili wanauliza swali jingine kabisa: huyu kiongozi anakitumiaje cheo chake? Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma imetajwa kwenye ibara ya 132 ya Katiba na inafanya kazi kwa Sheria Na. 13 ya 1995. Ofisi yake ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya. Kila mwaka, kabla Desemba 31 haijapita, mbunge anatakiwa awe ametoa tamko la mali na madeni, likijumuisha ya mwenza wake na watoto wadogo. Mwananchi yeyote anaweza kupeleka malalamiko. Sekretarieti inachunguza, na jambo likiwa na uzito linafika Baraza la Maadili. Baraza halifungi mtu wala halimlipi mlalamikaji; linapendekeza hatua, kuanzia onyo hadi kuondolewa kwenye cheo.

Mwaka 2015 Andrew Chenge, Anna Tibaijuka na William Ngeleja, wote wakiwa wabunge, waliitwa mbele ya Baraza hilo kuhusu fedha zilizohusishwa na akaunti ya Tegeta Escrow, ile ya kashfa ya fedha zilizotolewa Benki Kuu. Chenge alipinga kuhojiwa akisema kuna amri ya Mahakama Kuu. Kwa hiyo njia hizi mbili hugongana pia, na mawakili wanajua kuutumia mgongano huo.

Kuna na kamati ya Bunge yenyewe, ya Haki, Maadili na Madaraka, lakini hiyo ni nidhamu ya ndani. Agosti 2021 Jerry Silaa alitoka na adhabu ya kukosa mikutano miwili ya Bunge kwa kauli yake juu ya kodi ya mishahara ya wabunge.

Sasa rudi kwenye mbao. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani la kwake. Ikibainika mbao zilienda kwenye madarasa ya halmashauri hiyo, kupitia kampuni yake, na hakutangaza maslahi, hapo Maadili wana kazi ya kufanya. Tukio moja, mafaili mawili, na kwa kawaida hakuna linalosubiri lingine liishe.

Muuza mbao aanze na mahakama, hati ya kupokelea mkononi. Muda anao: dai la mkataba lina ukomo wa miaka 6, na Bunge linaishi miaka 5.