Pamba mashavuni mwa Don Corleone

Wengi wanaamini kwamba Marlon Brando aliigiza Don Corleone, mkuu wa familia ya mafia katika The Godfather, filamu ya mwaka 1972, akiwa amejaza pamba mashavuni tangu mwanzo hadi mwisho. Sivyo, ingawa uvumi huu haukuzuka hivi hivi.

Wakubwa wa Paramount, kampuni iliyotengeneza filamu hiyo, hawakumtaka Brando. Mwongozaji Francis Ford Coppola akabeba kamera hadi nyumbani kwake kumjaribu. Brando, ambaye hata miaka 50 alikuwa hajatimiza, alijipaka rangi ya viatu nyweleni, akasokomeza pamba mdomoni (wengine husema ni karatasi laini), na papo hapo akawa mzee mwenye taya nzito kama mbwa wa bulldog.

Pamba iliishia hapo. Ukiongea nayo kutwa nzima italoa mate tu. Kwa upigaji picha wenyewe, daktari wa meno alimtengenezea kifaa maalumu cha kuvaa mdomoni. Kimehifadhiwa katika Museum of the Moving Image, Queens, New York.

Yule paka anayeonekana mapajani mwa Don Corleone, kwa upande wake, kweli hakupangwa. Coppola alimwona akizurura studio, akamweka mapajani mwa Brando bila neno. Paka huyo alikoroma kwa raha hadi akafunika baadhi ya maneno.