Kupevuka si kukua tu: dhana potofu kuhusu maneno ya ukuaji

Ukitafuta kisawe cha "kukua" utapewa mlolongo mrefu: kukomaa, kupevuka, kuiva, kustawi, kubalehe, hata kustaarabika. Wengi wetu tunaokota lolote linalotujia kwanza mdomoni. Mara nyingi hasara yake ni alama moja ya insha. Mara nyingine hasara hiyo humwangukia mtoto wa mtu.

Dhana: kukomaa na kuiva ni kitu kimoja

Muulize mkulima wa ndizi. Mkungu hukatwa ukiwa umekomaa, ungali kijani na mgumu, kisha huvundikwa siku kadhaa ndipo uive. Kukomaa hufanyika mtini. Kuiva kunaweza kumalizikia ghalani. Ukivundika mkungu mchanga, ndizi zitanyauka, au zitageuka rangi bila kupata utamu wake. Embe, papai na parachichi nayo huendelea kuiva baada ya kuchumwa. Nanasi na chungwa hayamo katika kundi hilo: rangi inaweza kubadilika, lakini utamu haupandi tena.

Kuiva ni kuwa tayari kwa kazi iliyokusudiwa. Ndiyo maana wali huiva wala haukomai, mwanafunzi huiva kwenye hesabu, jipu huiva, na hatifungani za Serikali huiva siku ya mwenye nazo kulipwa. Kinyume chake kipo, na ni neno ninalolipenda sana: kuvia. Wali uliopikwa nusunusu umevia, na mche uliogoma kukua nao umevia. Neno moja linatosha chungu na shamba.

Na "komaa" ya vijiweni? Hiyo ni kukaza na kuvumilia. Imezaliwa na ule ugumu wa tunda lililokomaa, tusiilaumu.

Dhana: pevu maana yake ni -enye umri mkubwa

Mwezi mpevu ni ule uliotimia duara lake. Siku mbili tatu baadaye unaanza kumeguka. Yai la mwanamke likishapevuka na kutoka, uhai wake hauzidi takriban saa 24. Hakuna uzee hapo. (Na kwa kuwa tumeligusa: si kweli kwamba yai la kila mwanamke hupevuka siku ya 14. Hesabu hiyo imejengwa juu ya mzunguko wa siku 28, na mizunguko ya wengi ni mifupi au mirefu kuliko huo.)

Upevu, basi, ni kutimia. Akili pevu ni ile inayoweza kuligeuza jambo pande zake zote kabla ya kutamka. Hata "mtu mzima" asili yake haihesabu miaka: mzima ni asiyepungua, kama tunavyosema yai zima au mkate mzima. Wazee waliposema ukubwa ni jaa walikuwa wanaeleza sifa hiyohiyo, kwamba mkubwa hutupiwa kila taka naye akazipokea. Wapo wenye mvi wasioweza hata moja.

Dhana: akivunja ungo ameshapevuka

Hii ndiyo iliyonifanya niandike. Kuvunja ungo na kubalehe ni majina ya matukio ya mwili, basi. Kubalehe limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufika. Mzizi huohuo umetupa balagha, ile ya maswali ya balagha tuliyofundishwa shuleni, yaani usemi unaomfikia msikilizaji. Mwili wa binti unaweza kufika akiwa na miaka 12. Usemi wake, uamuzi wake, uwezo wake wa kukataa, hivyo vingali njiani.

Sasa mtu anamtazama kifua, anasema "huyu amekomaa," na kikao cha mahari kinaitishwa. Kosa la neno limekuwa kosa la maisha. Sheria yenyewe iliwahi kulifanya: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akitakiwa kufikisha 18. Katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo mwaka 2019. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo iko wazi: mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Mwite amekua, amerefuka, amevunja ungo. Mpevu, bado.

Dhana: kustaarabika ni kuwa kama Mwarabu, au mtu wa mjini

Asili ya neno hilo ni kweli Kiarabu, na kwa Kiarabu ni kujifanya au kuwa Mwarabu. Ila asili ya neno haifungi maana yake. Tunapomwambia dereva anayechomekea kwenye foleni "kuwa mstaarabu bwana," hatumuulizi nasaba. Uungwana, jirani yake, una jeraha lake pia: muungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, na wangwana waliofika Kongo na misafara ya karne ya 19 walikiachia Kiswahili cha huko jina la Kingwana. Maneno yote mawili yalianza kwa kutenga watu kwa kuzaliwa. Wasemaji ndio waliohamisha kipimo, hata ikawepo methali: muungwana ni kitendo.

Dhana: visawe hubadilishana nafasi popote

Mti hustawi na biashara hustawi, lakini jino la mtoto haliwezi kustawi. Mnazi unafundisha vizuri zaidi: kidaka, kitale, dafu, koroma, ndipo nazi. Mkwezi hawezi kuviita vyote "nazi iliyokua" akaeleweka na wateja wake. Mwenye kiu anataka dafu. Mwenye sufuria ya samaki jikoni anataka nazi, na akipewa koroma, tui atakalokamua litakuwa jepesi.