Bustani Rasmi Yenye Ukuta: Usanifu na Mapambo Yake

Bustani rasmi yenye ukuta ni kiwanja kilichoshikamana na jumba la shambani la kabaila au tajiri, kikazungushiwa ukuta mrefu wa mawe au matofali, na kupangwa ndani yake kwa vipimo vya jiometri: njia zilizonyooka, vitalu vinavyolingana pande zote mbili, na sehemu ya katikati inayovuta macho ya kila anayeingia. Katika Uingereza na Uskoti za karne ya 16 na ya 17, bustani ya namna hii ilihesabiwa kuwa sehemu ya jengo. Ilikuwa chumba kimojawapo cha nyumba, isipokuwa kwamba hakikuwa na paa, na aliyekichora alijali milango yake, pembe zake na kuta zake kama alivyojali ukumbi wa kulia chakula.

Isichanganywe na bustani ya mboga, ambayo nayo huzungushiwa ukuta. Kule ukuta una kazi ya shamba: huzuia upepo na wanyama, na upande unaotazama kusini hufyonza joto la jua mchana na kulitoa usiku, hivyo mipeasi na mipichi iliyotandazwa juu yake huivisha matunda vizuri hata katika nchi ya baridi. Baadhi ya kuta hizo zilijengwa na njia za moshi ndani yake, moto ukawashwa nyuma ili kuzitia joto. Katika bustani rasmi ukuta hukinga upepo vilevile, lakini kazi yake kubwa ni kuonwa na kusomwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni bustani ya kasri la Edzell, katika eneo la Angus, Uskoti. Aliijenga Sir David Lindsay, jaji aliyejulikana kwa cheo cha Lord Edzell, na juu ya mlango wake mmoja umechongwa mwaka 1604 pamoja na nembo yake na ya mkewe, Dame Isobel Forbes. Eneo lake ni takriban mita 52 kwa 43, na kuta zake zina kimo cha karibu mita tatu na nusu. Upande wa kaskazini bustani imepakana na ua wa kasri lenyewe; mapambo yapo kwenye kuta tatu zilizobaki.

Kila ukuta umegawanywa katika sehemu za upana wa karibu mita tatu, na sehemu hizo zinapishana kwa mitindo miwili. Mtindo wa kwanza ni nembo ya ukoo iliyogeuzwa kuwa ujenzi. Ngao ya akina Lindsay ina utepe wa miraba ya buluu na ya fedha, na fundi ameuonyesha utepe huo kwa safu tatu za vidaka vilivyochimbwa ukutani kwa kupishana na mawe yasiyochimbwa, kama ubao wa drafti. Juu yake kuna nyota tatu za ncha saba, zilizotokana na nembo ya ukoo wa Stirling wa Glenesk. Vidaka hivyo vikipandwa maua ya buluu na meupe, rangi za ngao hukamilika zenyewe. Katika baadhi ya nyota kuna matundu, na inadhaniwa kwamba yaliachwa ili ndege wajenge viota. Kama ndivyo, basi hata mlio wa ndege ulikuwa umepangwa.

Mtindo wa pili ni vibao vya mawe vilivyochongwa sanamu, kila kimoja kikiwa na kimo cha karibu mita moja. Ukuta wa mashariki una miungu saba ya sayari kwa hesabu ya zamani, yaani Zohali, Mshtarii, Mirihi, Jua, Zuhura, Utaridi na Mwezi. Ukuta wa kusini ulipewa elimu saba: sarufi, balagha, mantiki, hesabu, muziki, jiometri na falaki. Wa magharibi una fadhila saba, kuanzia imani, matumaini na upendo hadi busara, ujasiri, haki na kiasi. Hata fremu zinatofautiana, kwa kuwa miungu imewekwa ndani ya umbo la yai lililochongoka, elimu chini ya matao, na fadhila ndani ya mistatili mitupu. Sanamu za sayari zilinakiliwa kutoka picha zilizochapwa Nuremberg, Ujerumani, zaidi ya miaka 70 kabla. Ni jambo linaloonyesha jinsi karatasi za wachapaji zilivyosafirisha mitindo hadi kwa mafundi wa mawe wa mbali.

Kwa hiyo mgeni aliyetembezwa humo alipitishwa mbele ya mbingu, elimu na maadili, huku nembo ya mwenyeji ikimkatiza kila baada ya hatua chache. Sioni unyenyekevu wowote katika mpango huo, na Sir David alifariki mwaka 1610 akiwa na madeni makubwa.

Pembe nazo zilikuwa na majengo yake. Edzell ilikuwa na kijumba cha ghorofa mbili cha kupumzikia wakati wa kiangazi, ambacho bado kimesimama, na nyumba ya kuogea ambayo imebaki misingi. Huko Montacute, Somerset, Uingereza, jumba lililojengwa mwishoni mwa karne ya 16, vijumba viwili vinavyofanana vimesimama kwenye pembe za ua wa mbele, na ukuta kati yake umepambwa kwa vinguzo na minara midogo iliyochongoka. Havikuwa ngome, ulinzi ulikuwa umegeuka pambo.

Katika karne ya 18 wenye majumba wengi walizibomoa bustani za aina hii, kwa sababu wabunifu wa mandhari kama Lancelot Brown waliwafundisha kupenda uwanja wa nyasi unaoteremka bila kizuizi hadi ziwani. Zilizosalia zinahitaji kutazamwa kwa uangalifu. Vitalu vya Edzell, pamoja na ua wa vichaka uliokatwa kuwa herufi za kaulimbiu ya Kilatini ya ukoo, vilipandwa katika miaka ya 1930 baada ya serikali kuichukua bustani. Anayetaka kuona kazi ya mwaka 1604 azitazame kuta.