Je, wajua kwa nini mtu anaweza kuwa na anwani ya Houston na bado asimpigie kura meya wa Houston?

Kama una ndugu Texas basi ushamsikia anasema "nakaa Houston", na kweli barua zake zinaandikwa Houston, ramani ya kwenye simu inasema Houston, lakini uchaguzi wa meya ukifika anaangalia karatasi ya kura na kinyang'anyiro cha umeya hakimo kabisa. Hajafanyiwa fitina. Nyumba yake haiko ndani ya mji. Posta wanagawa anwani kwa urahisi wao wa kupeleka barua, mpaka wa mji ni habari nyingine, na kuna sehemu mpaka unapita katikati ya barabara, upande huu ni mji upande ule ni kaunti tu.

Hilo neno "kaunti tu" ndo linatuchanganya sisi wa Tanzania. Kwetu hakuna kiwanja ambacho hakina halmashauri, iwe ya jiji, manispaa, mji au wilaya, lazima uwe chini ya mojawapo. Marekani kwenye majimbo mengi kila mtu yuko ndani ya kaunti lakini sio kila mtu yuko ndani ya mji. Kaunti ya Harris, ambako ndiko Houston iliko, ilikuwa na watu kama milioni 4.7 kwenye sensa ya 2020, Houston yenyewe watu milioni 2.3, na ukitoa pia vile vimiji vidogo vidogo bado wanabaki karibu milioni 2 wasio na mji wowote. Hawana meya, hawana diwani. Wangekusanywa wakawa mji mmoja ungekuwa kati ya miji mikubwa kabisa ya nchi ile.

Sasa swali linakuja, maji yao yanatoka wapi, na moto ukiwaka nani anakuja? Polisi wao ni sherifu wa kaunti na makonstebo, na kuna mitaa inachanga hela kuilipa kaunti ili ipate askari wa kuzunguka kwao zaidi. Zimamoto ni ya wilaya maalum ya dharura yenye kodi yake. Maji ndo yana mfumo wa pekee: kampuni inayojenga nyumba inakuta pori halina bomba, kwa hiyo inaundwa mamlaka ndogo ya maji ya eneo lile tu, watu wa huko wanaiita MUD, hiyo MUD inakopa kwa kuuza bondi, hela ya bondi inajenga mabomba ya maji safi na maji taka na mitaro ya mvua, halafu mwenye nyumba ndo analipa deni lile kidogo kidogo kwenye kodi yake ya nyumba kila mwaka kwa miaka na miaka. Yani unanunua nyumba na kipande cha deni la bomba juu yake.

Na kaunti za Texas hazina mamlaka makubwa ya kutunga sheria ndogo kama mji. Ukitaka kuuona mpaka kwa macho subiri tarehe 4 Julai au mwaka mpya. Ndani ya Houston fataki ni marufuku, nje ya mpaka ruksa, kwa hiyo vibanda vya kuuzia fataki utavikuta vimejipanga pale pale mji unapoishia.

Sasa, mji kama Houston kwa miaka mingi ulikuwa unasogeza mpaka wake ili uyachukue hayo maeneo, kwa nini? Hela. Mtu anakaa nje ya mpaka, asubuhi anaingia mjini kazini, anatumia barabara za mji, jioni anarudi na kodi yake ya nyumba inabaki huko. Miji ya zamani ya kaskazini na mashariki ya Marekani ilijikuta imezungukwa na vimiji vilivyosajiliwa, ikashindwa kutanuka, wenye vipato wakahamia hivyo vimiji na mji wa kati ukabaki na maskini na madeni. Houston iliona hilo na ikaamua kutokubali kufungiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1940, chini ya meya Oscar Holcombe, ilijitanua mpaka eneo lake likazidi mara mbili kwa mkupuo mmoja, na mwaka 1960 kwenye ugomvi na miji jirani ikaanza hatua za kutaka kuchukua kaunti karibu yote iliyobaki. Hapo bunge la Texas likaona hii sasa imezidi.

Ikaja sheria ya 1963. Mji unaruhusiwa kuongeza hadi asilimia 10 ya eneo lake kwa mwaka, usipotumia unaweka akiba hadi ifike 30. Halafu mji wenye watu zaidi ya laki moja unapewa ukanda wa maili 5, kama kilomita 8 hivi, kuuzunguka mpaka wake, na ndani ya ukanda ule hakuna mtaa unaoweza kujisajili kuwa mji bila ruhusa ya mji mkubwa. Hebu litafakari hilo. Mji uliosajiliwa haumezwi na mwingine kirahisi, ndo maana Bellaire na West University Place mpaka leo ni miji kamili japo Houston imewazunguka pande zote. Enzi hizo wewe uliye kwenye ukanda kinga hiyo hupewi, unakaa unasubiri zamu yako. Na zamu ikifika hakuna kura, baraza la mji linapiga kura lenyewe na wewe unaamkia mjini.

Ndicho kilichowakuta watu wa Kingwood, mtaa uliojengwa msituni kuanzia miaka ya 1970, kama kilomita 40 kutoka katikati ya Houston. Watu walihamia kule kwa sababu ya miti na utulivu, na makusudi kabisa ili wasiwe mjini. Desemba 1996 Houston ikawachukua. Walipinga, walienda mahakamani, walikasirika miaka na miaka. MUD zao zikavunjwa, mabomba na madeni yote yakahamia mji, kodi ya MUD ikafutwa na ya mji ikaingia, zimamoto ikawa ya mji, polisi wa mji. Mimi naona wale watu walikuwa na haki ya kuulizwa. Sio kwamba hoja ya mji ni ya uongo, barabara na hospitali za mjini kweli zinatumika na wote, ila kumwingiza mtu kwenye serikali mpya bila kumuuliza neno halafu unamtumia bili, hapana, hiyo hata kwetu ingeleta kesi.

Kelele za Kingwood ziliwafikia wabunge. 1999 sheria ikalazimisha mji utoe mpango miaka 3 kabla, 2017 gavana Greg Abbott akasaini sheria ya kutaka wakazi wa kaunti kubwa wapige kura au waridhie kwanza, na 2019 ikapanuliwa jimbo zima. Ile namna ya zamani ikafa hapo.

Lakini kabla haijafa Houston ilikuwa imeshapata njia nyingine. Badala ya kuchukua mtaa mzima inaingia makubaliano na MUD, inachukua ukanda wa maduka tu ulio pembeni ya barabara kubwa, nyumba za nyuma inaziacha. Hapo haitozi kodi ya nyumba na huduma nyingi haitoi, inachukua kodi ya mauzo tu: ukinunua vitu vya dola 100 vinavyotozwa kodi, dola 1 ni ya mji, halafu mji na MUD wanagawana hiyo hela, kawaida nusu kwa nusu. Ndo maana ramani ya Houston inaonekana kama pweza, mikono mirefu myembamba inafuata barabara mpaka mbali huko. Unaweza kununua sufuria ndani ya Houston na nyumba yako iliyo mita 200 kutoka pale isiwe Houston.

The Woodlands, kitongoji cha wenye nazo upande wa kaskazini, wao walimalizana mapema. 2007 walisaini mkataba Houston isiwameze kwa miaka 50, wakatoa dola milioni 16 na sehemu ndogo ya kodi yao ya mauzo kwa ajili ya miradi ya pamoja. Wakapata na nafasi ya kujisajili kuwa mji wao wenyewe, na 2021 walipopigia kura jambo hilo wengi wakasema hapana, wabaki walivyo.

Mpaka hapa unaweza kudhani shida yote ni ya wanaomezwa. Mimi kinachonigusa zaidi ni walioachwa nje huku wanataka kuingia. Nje kidogo ya mji wa Zanesville, jimbo la Ohio, kuna mtaa unaitwa Coal Run, wakazi wake wengi weusi. Visima vyao viliharibiwa na migodi ya makaa ya mawe. Bomba la maji la mji lilifika jirani kwa majirani wazungu, kwao halikufika, karibu miaka 50. Watu walikuwa wanakinga mvua, wanabeba maji kwenye magari, wakati wa baridi wanayeyusha theluji, na hii ni Marekani ya juzi tu, bomba liliwafikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 baada ya wao kushtaki. 2008 baraza la wazee wa mahakama likaamua walipwe karibu dola milioni 11 na mji, kaunti na mamlaka ya maji.

Mpaka pia umewahi kutumika kama silaha ya kura. 1957 jimbo la Alabama lilikata upya mji wa Tuskegee uliokuwa mraba, ukawa na pembe 28, na kati ya wapiga kura weusi kama 400 wakabaki wanne watano tu, mzungu hata mmoja hakutolewa. Mahakama ya Juu ya Marekani ikalikataa 1960. Richmond, Virginia, walienda kinyume chake, 1970 wakaongeza kitongoji chenye watu kama 47,000, karibu wote wazungu, weusi wakashuka kutoka asilimia 52 ya mji hadi 42. Kesi ikachukua miaka, uchaguzi wa baraza ukasimama mpaka 1977, na uliporudi kwa mfumo wa kata, weusi wakapata wingi wa viti. Hata Houston yenyewe ilipotanuka miaka ile ya 70 serikali kuu iliweka pingamizi, na ndo 1979 madiwani 9 wakaanza kuchaguliwa kwa wilaya zao badala ya wote kuchaguliwa na mji mzima.

Sasa wewe au ndugu yako mnaotafuta nyumba pande zile, na Waswahili wengi tunavutwa nje ya mji kwa sababu nyumba ni mpya na kubwa, usiangalie anwani. Omba karatasi ya kodi ya nyumba ile na usome kila mstari. Ukiona City of Houston, uko mjini na meya ni wako. Ukiona jina refu linaloishia na MUD na namba na hakuna mji wowote uliotajwa, uko kaunti, basi uliza deni la bondi limebaki kiasi gani na linaisha lini, maana nyumba mbili za bei moja zilizotenganishwa na mtaro zinaweza kupishana kodi kwa maelfu ya dola kwa mwaka, na dalali ataanza na jiko na bafu kwanza.