Kaizari auawe jukwaani? Dhana na ukweli kuhusu maigizo ya vijana juu ya madaraka

Dhana: Vijana wakiigiza mtawala akipinduliwa, wanafundishwa uasi.

Hofu hii ndiyo inayofanya maigizo mengi yafutwe kabla ya mazoezi, na Tabora ingepaswa kuwa mji wa mwisho kuiamini. Julius Nyerere alisoma Tabora Boys kuanzia 1937 hadi 1942, akarudi baadaye kufundisha St. Mary's. Mwaka 1963, akiwa Rais, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar ya Shakespeare. Yaani aliyekalia kiti ndiye aliyewapa Watanganyika, kwa Kiswahili, kisa cha kiongozi anayechomwa visu na marafiki zake. Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika Rifles wakaasi, Rais mwenyewe ikabidi afichwe. Mwingine angeizika tafsiri ile. Yeye aliipitia upya, ikatoka tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari.

Alijua fika tamthilia ile inasema nini. Kaizari anakufa katikati, katika sehemu ya tatu, na yanayofuata, pamoja na sehemu mbili nzima zinazobaki, kwangu ndiyo yenye uzito. Umati uliokuwa ukimshangilia Brutus unageuzwa na hotuba moja ya Antony. Cinna mshairi anauawa mtaani kwa kuwa jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji. Brutus na Cassius wanajiua. Roma iliyokataa mfalme inajikuta chini ya watu watatu waliokaa mezani wakiandika majina ya watakaouawa. Sioni uasi unaonogeshwa hapo. Hatari, kama ipo, ni kuukatisha mchezo pale penye visu eti muda umekwisha.

Dhana: Vijana hawajawahi kushika madaraka, watasema nini?

Aliyewahi kupigishwa magoti na kiranja ana ya kusema. Ila Tabora ina zaidi ya viranja. Shule ya Tabora ilianza miaka ya 1920 kwa lengo la kuwaandaa watoto wa watemi watawale chini ya Mwingereza. Nyerere alikuwa mtoto wa mtemi, Burito wa Wazanaki. Mwaka 1963 serikali yake ikafuta utemi, mwaka uleule tafsiri ilipotoka. Ndani ya tafsiri hiyo kuna Kaizari anayesogezewa taji mara tatu, naye analisukuma mara tatu, kila mara kwa mkono mlegevu zaidi. Kikundi chochote cha Isevya au Cheyo, mjini Tabora, kinachohangaika na mada nakipa hii bure.

Dhana: Haya mambo yameletwa na mashirika ya wafadhili.

Kabla ya wafadhili kulikuwa na beni. Ngoma hiyo ilizuka pwani mwishoni mwa karne ya 19 ikasambaa hadi bara. Vijana walicheza gwaride, wakajipa vyeo vya ujenerali na ufalme, wakavaa kama maofisa wa Kizungu, na watawala wa kikoloni walibaki wakijiuliza kama wanasifiwa au wanachekwa.

Dhana: Igizo la historia halina tatizo. Wacheze Mirambo tu.

Haya, mchezeni. Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, alipigana na Waarabu wa Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, kuanzia 1871, akashika njia za biashara, na jeshi lake la rugaruga lilijaa vijana. Je, yule rugaruga anayechoma kijiji ni shujaa wetu? Anayeona nyumba yake ikiungua anaambiwa nini? Halafu Mirambo anafariki 1884 na dola lake linasambaratika, kwa kuwa nguvu yote ilikuwa imejengwa juu ya mtu mmoja. Mwandishi akilishughulikia hilo kwa uaminifu, hadhira itakuwa inafikiria mambo ya leo bila mtu kulitaja jina la kiongozi yeyote aliye hai.

Dhana: Hadhira kazi yake kupiga makofi.

Augusto Boal wa Brazil aliuvunja ukuta huo miaka ya 1970: mtazamaji anasimamisha mchezo, anapanda jukwaani, anajaribu njia yake. Hapa kwetu, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliigiza pamoja na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983. Mada mojawapo ilikuwa mimba za wasichana. Watu huiita mada ya kijamii, lakini ukiuliza nani anaamua na nani ananyamazishwa, uko kwenye madaraka tayari.

Dhana: Ni vijana tu, kibali cha nini?

Tangu 1976 kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, na BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ilianzishwa kwa sheria ya 1984. Kanuni hubadilika, kwa hiyo nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri mapema, ukiwa na mswada mzima mkononi, sehemu ya nne na ya tano zikiwemo.